Ukumbi Mtupu Uliojibu

Kiti cha pili kutoka ukingoni, safu ya nne, kilikuwa na joto. Yesenia Cordero ndiyo kwanza alikuwa anakaa hapo kufunga kamba za viatu. Akainuka, akakigusa kwa kiganja. Chuma kilikuwa na joto la mtu mwingine aliyetoka kuinuka sasa hivi. Akagusa kiti cha kushoto: baridi. Cha kulia: baridi. Aliporudi kwenye kile cha kwanza, nacho kilikuwa baridi kama vingine.

Ilikuwa Alhamisi ya Aprili, saa nane mchana, na ndani ya ukumbi ule, ghala kubwa lisilo na dirisha nje kidogo ya Orlando, walikuwamo watu kumi na mmoja tu. Florida yote ilikuwa imejifungia majumbani kwa sababu ya ugonjwa. Viti mia nne vya kukunja vilikuwa vimepangwa tangu Machi, kabla ya amri ya kuzuia mikusanyiko, na hakuna aliyejisumbua kuviondoa. Bosi wao, Lorna Pruitt, alisema viachwe hivyohivyo. Onyesho lilikwisha kutangazwa, watu wangelilipia na kuliangalia Jumapili kwenye televisheni, na hakutaka waone sakafu tupu ya saruji. Viti, alisema, angalau vinaonyesha kwamba wageni wanangojwa.

Yesenia alikuwa mwamuzi. Katika mieleka ya aina ile mshindi hupangwa kabla, kwa hiyo mwamuzi haamui kitu. Kazi yake ni kupeleka maneno ya bosi, anayoyasikia kwenye kidude cha sikioni, kwa watu wawili wanaorushana, na kutambua nani anajifanya ameumia na nani ameumia kweli. Siku hiyo alikuwa ameiomba kazi hiyo mwenyewe, kwa sababu mmoja wa wale wawili alikuwa mumewe.

Heriberto Cordero, Tufani kwa jina la ulingoni, alikuwa na miaka arobaini na moja, ishirini kati yake ameitumia kuanguka. Daktari alikuwa amewaonyesha picha ya shingo yake. Mifupa miwili ilikuwa imelika, na daktari alisema anguko moja baya litatosha. Kwa hiyo hili lingekuwa pambano lake la mwisho. Ndani ya gari Yesenia alimwambia kwamba amekuja kumrudisha nyumbani pamoja na shingo yake, hana haja na kingine. Berto akasema shingo ni ya mke tangu siku ya ndoa, yeye ameiazima tu.

Watu wa kazi ile wana desturi moja wasiyoivunja. Anayeondoka huondoka chali. Mkongwe akiaga hulaliwa na kijana, mabega yote mawili chini, mwamuzi anahesabu tatu, na kwa hiyo tatu jina lake linahamia kwa mwenzake naye anakuwa huru. Kijana wa siku hiyo alikuwa Dustin Hargrove, mtoto wa Alabama mwenye miaka ishirini na minne na masikio makubwa. Walipanga kila kitu chumba cha kubadilishia nguo, huku wakila wali wa mbaazi aliopika Yesenia, kutoka bakuli mojamoja, umbali wa mita mbili kama sheria ilivyotaka.

"Mzee, leo hata mama yako hayupo wa kukushangilia," Dustin alisema.

"Mama yangu alikuwa anakushangilia wewe," Berto akamjibu. "Alikuwa anawaonea huruma wanyonge."

Walipotoka kwenda ulingoni Yesenia alisikia harufu ya bisi na bia. Kibanda cha vyakula kilikuwa na kufuli wiki ya tano.

Pambano lilianza vibaya, kwa sababu ya ukimya. Mieleka hulishwa na kelele, na pale kila pumzi ilisikika, kila soli iliyosugua turubai, hata minong'ono waliyokuwa wakipeana kuhusu hatua inayofuata. Berto alikuwa kama mpishi aliyenyimwa chumvi. Alipiga, akangoja sauti isiyokuja, akapiga tena. Dakika ya sita alikuwa amemkunja Dustin kwenye kona. Hapo mazoea ya miaka ishirini yakamshinda. Akawageukia wale wasiokuwepo, akaweka mkono nyuma ya sikio.

Hivyo ndivyo stelingi anavyowaomba watu ruhusa ya kummaliza adui. Mpiga picha mmoja akacheka. Berto naye akatabasamu kwa aibu, lakini hakuushusha mkono. Akaugeukia upande wa pili, sikio wazi. Kisha upande wa tatu, na safari hii akauliza kwa sauti yake yote:

"Mnataka nini?"

Wakajibu.

Kwanza vilijibu viti, mlio wa chuma mia nne kikilalamika kwa pamoja, kama watu wanaposogea mbele kuona vizuri. Halafu ikaja sauti, nzito, ya wengi, isiyokuwa na upande ilikotokea. Sikioni mwa Yesenia Lorna akauliza kwa ukali nani amewasha kelele za watazamaji, naye fundi wa sauti akajibu kwamba hana kelele zozote za kuwasha. Lakini Dustin hakuyasikia hayo. Alidhani ni mpango wa bosi, akafurahi kwamba mwishowe wamepewa makelele, akamwinua Berto mabegani kama walivyokubaliana, na alipokuwa amemwinua juu kabisa, kichwa chini miguu juu, pumzi ya moto ikamgusa Dustin nyuma ya shingo na mtu akamwambia sikioni neno lilelile ambalo ukumbi wote ulikuwa ukilirudia tangu mwanzo, na sasa Yesenia naye akalielewa: aanguke, aanguke, aanguke.

Dustin akageuza kichwa kuona nani. Berto akaanguka.

Ulisikika mlio mdogo, wa kijiti cha mdalasini kikivunjwa. Na ukumbi ukanyamaza.

Ni hapa ndipo kazi ya mwamuzi huanza. Huenda kwa aliyeanguka, humshika mkono kama anayemkagua, na humbana kidogo. Aliye salama hubana mara mbili. Asiyebana, mwamuzi huinua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha, na kila mtu aliye ndani huacha alichokuwa akifanya, kwa sababu alama hiyo haifanyiwi mchezo. Yesenia akapiga magoti. Shingo ya mumewe ilikuwa imelala upande ambao shingo hailali. Macho yalikuwa wazi, yanatazama taa na hayapepesi. Akamshika mkono, akabana.

Lorna akauliza yuko sawa au hayuko sawa. Yesenia akabana tena, akingoja, akimwomba Mungu na Bikira Maria wa Providencia na marehemu mama mkwe wake, na mikono yake mwenyewe ilikuwa imeanza kunyanyuka kwenda juu ya kichwa kufanya ile alama, ameshakubali kwamba atakuwa mjane kabla ya saa kumi, pale alipohisi kiganja chake kikibanwa, mara moja, mara mbili, kwa vidole vya baridi vilivyokuwa na nguvu kuliko inavyotakiwa, na yeye, ambaye hakuwahi katika maisha yake kudanganywa na mtu aliyejifanya mzima, akaamini kwa sababu alitaka kuamini.

"Yuko sawa," alisema.

Dustin akamlalia kama ilivyopangwa. Yesenia akahesabu moja, akahesabu mbili, na Berto akanyanyua bega. Hilo halikuwamo kwenye mpango. Akasimama, akamwinua kijana wa kilo mia kama anayeinua taulo, akambwaga, akamlalia yeye. Lorna alikuwa akipiga kelele sikioni kwamba siyo hivyo, siyo hivyo. Yesenia akahesabu tatu. Mwamuzi huhesabu kilichopo mbele yake.

Baadaye alimkuta Dustin kwenye korido, ametapika ndani ya ndoo. Kijana hakutaka kumtazama.

"Mwamuzi," alinong'ona, "niliisikia ikivunjika. Ilikuwa begani kwangu, niliisikia. Na aliponishika hakuwa hata na jasho. Mpeleke wapi sijui, lakini usimpeleke nyumbani."

Yesenia akamwambia anawe uso. Mlangoni mlinzi, ambaye kazi yake ilikuwa kupima joto la kila anayeingia na kutoka, alimwelekezea Berto kipimo usoni mara tatu, akakipigapiga kiganjani, akasema hata hiki nacho kimechoka. Akawapungia mkono wapite.

Nyumbani, Kissimmee, Amarilis alimrukia baba yake kiunoni. Alikuwa na miaka tisa, shule imefungwa mwezi mzima, na alikuwa ameahidiwa kwamba kuanzia siku hiyo baba hataondoka tena. Berto akampapasa nywele. Alikula sahani tatu. Hakusema kwamba shingo inauma. Miaka sita hakuwahi kumaliza jioni bila kuomba mafuta ya kuchua, na sasa alikaa wima kwenye kochi, mikono magotini, akiwatazama mke na mtoto wakienda jikoni na kurudi, kwa makini sana, kama kwamba wakati wowote watafanya jambo.

Kesho yake Yesenia alimpigia daktari. Hospitali ilikuwa imejaa, wakamwuliza kwa simu kama mgonjwa anatembea, anakula, anapumua vizuri. Anatembea, alisema. Anakula. Kuhusu kupumua akasema ngoja nikaangalie. Berto alikuwa amejilaza, mchana, pazia wazi. Yesenia akaweka sikio kifuani mwake. Moyo haukuwepo. Palikuwa na kitu kingine, mbali, chini sana, na alichukua muda kukitambua kwa sababu alikuwa amekisikia maisha yake yote bila kukitilia maanani: ulikuwa mvumo wa watu wanaoingia ukumbini kabla ya onyesho, miguu ikisugua sakafu, mtu akikohoa, mtu akicheka, mtu akimwonyesha mwenzake mahali pa kukaa, na alipokuwa bado ameinama pale, ameshikilia simu ambayo muuguzi alikuwa akiita ndani yake halo, halo mama, ule mvumo ukanyamaza wote kwa pamoja, kama wanavyonyamaza taa zinapozimwa, kwa sababu walikuwa wamemsikia anasikiliza.

Jumapili onyesho likatoka. Amarilis aliomba sana kumwona baba. Wakakaa kwenye kochi watatu, mtoto katikati, na Berto akala njugu kutoka bakuli bila kutazama mkono wake.

Kwenye televisheni hapakuwa na sauti yoyote ya watu. Berto aliuliza viti mnataka nini, na viti havikusema kitu, vilikaa tu. Dustin akamwinua, akageuza kichwa bila sababu, akamwangusha. Ndipo Yesenia akajiona mwenyewe, amepiga magoti, na kamera ilikuwa imesogea karibu kabisa na mikono. Kiganja chake kilikuwa kimeshika mkono wa Berto. Akaona kidole chake mwenyewe kikiwa cheupe kwa kubanwa. Na vidole vya Berto vilikuwa wazi, vimelegea, havikumgusa. Havikusogea hata kidogo, tangu alipopiga magoti hadi alipoinua uso na kusema yuko sawa.

Kwenye kochi, njugu ziliendelea kutafunwa, juu ya kichwa cha mtoto.

Jumanne alikuja Doña Providencia, shangazi yake Berto, aliyeishi mitaa miwili kutoka pale. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mitano aliyewapunga pepo nusu ya Wapuertoriko wa Kissimmee. Alivaa barakoa, akabeba majani ya mrehani na chupa ya maji yaliyosomewa sala. Hakuingia. Alisimama barazani, akamtazama mwana wa kaka yake kupitia wavu wa mlango kwa muda mrefu, kisha akamvuta Yesenia hadi uani penye mti wa mchungwa.

"Nilikuja kumtoa pepo," alisema. "Lakini aliyepandwa na pepo, mwanangu, yumo ndani pamoja naye. Huyu hayumo. Berto alikufa palepale alipoangukia."

Yesenia akauliza, basi ni nani anayekula chakula changu.

Mwanamke mzee akamweleza bila kupamba. Ukiandaa mahali pa wageni na ukawazuia wageni, wapo wasiozuiwa. Walikuja wakakaa. Kukaa si kosa, hukaa popote, na mwaka huu wana pa kukaa kwingi: makanisa, viwanja, madarasa. Lakini hawawezi kuvuka kiti mpaka waulizwe wanataka nini, na mume wako akawauliza, kwa mkono sikioni, mara tatu. Tena hakuondoka chali. Angehesabiwa tatu angeachiwa. Walimwinua bega ili asiage.

"Watoe," Yesenia alisema.

"Naweza, kabla ya siku tisa kuisha. Siku ya tisa ni Ijumaa. Ijumaa jua likizama, mwili ni wao. Lakini elewa, nikiwatoa, nitakachokuachia ni maiti ya siku tisa kwenye kochi la sebuleni. Na mtoto umtoe kwanza, asiione."

Yesenia alikubali. Hakulia. Alimpigia dada yake Tampa aje kumchukua Amarilis Ijumaa asubuhi, akatafuta shuka la kutosha mwili wa Berto, akalifua. Aliuliza nyumba ya mazishi inapokea vipi siku hizi, wakamwambia watu kumi, basi. Akahesabu kumi, akawapata. Usiku alilala chumbani kwa mtoto, mlango ameuziba kwa kabati.

Ijumaa dada akapiga simu kwamba anakohoa, hathubutu kuja. Yesenia akapanga upya: mtoto atakaa kwa jirani kuanzia saa tisa, Doña atafika saa tisa na nusu. Saa nne asubuhi alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, amewapa mgongo mlango na dirisha, kitu ambacho kwa wiki nzima hakuwa amethubutu, na nyuma yake Berto akaingia, akafungua friji. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ya uchovu, ya Berto mwenyewe:

"Kijiko. Unanitoa lini?"

Kisu kikamponyoka. Kijiko lilikuwa jina lake, la wawili tu. Siku ya kwanza waliyotoka pamoja, huko Ponce, Puerto Rico, wakiwa na miaka ishirini, aliiba kijiko cha mgahawa kwa sababu alikipenda, na Berto alimwita hivyo kitandani tu, taa zimezimwa, hakuwahi kumwita hivyo mbele ya mama yake wala watu wa ulingoni. Hao wa viti wangelijulia wapi? Akageuka. Uso ulikuwa ule, na macho yalikuwa na maji.

"Nipo," alisema Berto. "Wamenisukuma nyuma kabisa, lakini nipo. Bibi akija na maji yake atanitoa na mimi."

Yesenia alisimama pale mpaka vitunguu vikaanza kunyauka. Alijaribu kufikiri kama mwamuzi na akashindwa. Alichokuwa ameahidi ni kimoja, kumrudisha mtu huyu nyumbani, na mtu mwenyewe anasema yumo nyumbani. Saa nane akampigia Doña Providencia, akamwambia asije. Mwanamke mzee akauliza amekuambia nini. Yesenia akarudia kwamba asije. Doña akamwambia kwa unyonge kwamba wao husema ulichokuwa unakingoja, kisha akasema atakaa na viatu miguuni mpaka jua lizame, ikiwa atamhitaji.

Alasiri ikaja mvua ya radi ya kila siku, ikapita. Berto akapika. Nyumba ikanukia kitunguu saumu na giligilani kama zamani. Jua likashuka nyuma ya paa la jirani, likawa jekundu, likazama, na Yesenia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, akavuta pumzi hadi chini ya tumbo.

Akaenda kumwita Amarilis ale. Mtoto alikuwa sakafuni, anachora. Bila kuinua kichwa akauliza kama mama amefurahi.

"Nimefurahi nini?"

"Kuitwa Kijiko. Niliwaambia mimi."

Yesenia akashika fremu ya mlango. Akamwuliza polepole kina nani, na lini, na alilijulia wapi jina hilo. Ukuta ni mwembamba, mama, mtoto alisema, huwa nawasikia. Wao humwuliza mambo ya baba ukiwa bafuni, naye huwaambia: baba hupenda nini, hucheka vipi, alimwita mama nani. Jana walitaka kitu kizuri zaidi kuliko vyote, kwa sababu wameahidi kwamba wakijua yote hawataondoka tena. Na leo aliyesema vizuri hivyo ni mwanamke mmoja wao, Amarilis akaongeza. Ni zamu yake. Kesho ni ya yule mwanamume anayekohoa, Amarilis hampendi sana, kwa sababu huwa anamkodolea yeye macho akiwa amelala. Lakini ni lazima kila mtu apate zamu, wamesubiri muda mrefu.

Yesenia akatoa simu mfukoni. Dirishani kulikuwa na weusi mtupu. Akaishika hivyo, hakubonyeza kitu.

Kutoka jikoni sauti ya Berto ikaita kwamba chakula kinapoa. Amarilis akaruka juu, akampita mama yake mlangoni, akakimbia. Kiti kikavutwa. Sahani ikawekwa mezani, na nyingine, na nyingine, na nyingine tena, moja baada ya moja, taratibu, mpaka za kabatini zikaisha na zikaanza kutolewa zile za sikukuu.

Yesenia akanawa mikono, akaenda kukaa, kwa sababu mtoto alikwisha kukaa.